Barua kwa mwanangu aendaye Lötschental

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako na picha za kijiji cha Kippel zimenifikia, lakini tangu uliponiarifu kwamba utakaa katika bonde lile la Lötschental, huko Uswisi, mpaka Februari, usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Kijiji cha Blatten si mbali na hapo utakapofikia. Ni bonde hilohilo, mto ni huohuo wa Lonza, na tarehe 28 Mei 2025 barafu kuu ya mlimani iitwayo Birch iliporomoka pamoja na miamba, ikakifukia karibu kijiji kizima. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamekwisha kuhamishwa siku tisa kabla, pamoja na mifugo yao, kwa kuwa wataalamu waliona mlima unasogea. Aliyepoteza maisha ni mtu mmoja. Waliambiwa waondoke, wakaondoka, wakaziacha nyumba walizorithi kwa mababu zao. Nawe ukiambiwa uondoke, ondoka saa hiyohiyo, wala usirudi nyuma kuchukua michoro.

Picha ya ghala la nafaka nimeitazama siku tatu. Nimeyaona magogo yalivyochongwa mapengo kwenye ncha, yakapandanishwa pembeni hadi ukuta ukajishika wenyewe, na mbao zilivyoungua kwa jua la miaka mingi zikawa nyeusi kama mpingo. Lakini kilichonishangaza hasa ni yale mawe bapa ya mviringo waliyoyalaza juu ya nguzo fupi, ili panya apandaye agote kichwa kwenye jiwe asiifikie nafaka. Aliyebuni hilo alikuwa fundi kwelikweli. Umelichora vizuri, na mkono wako umetulia kuliko wangu nilipokuwa na umri wako. Hata hivyo hukuandika magogo hayo hukaushwa muda gani kabla ya kuunganishwa, na fundi angeanza kwa kuuliza hilo. Waulize wazee wa pale.

Unasema utajifunza pia kuchonga barakoa za Tschäggättä, ambazo watu huzivaa pamoja na ngozi za kondoo na mbuzi na kengele kiunoni, kuanzia tarehe 2 Februari hadi kabla ya Kwaresima. Nimesoma kwamba zamani waliozivaa walikuwa vijana wa kiume wasiooa tu, na kwamba siku hizi mambo yamebadilika. Patasi zangu ndogo za kuchongea maua ya milango nimekufungia katika kitambaa, zichukue utakapopita nyumbani. Ningekupa ulipokuwa na miaka kumi na miwili, ulipoziomba, na sababu niliyoitoa siku ile haikuwa sababu. Msonobari wa milimani nasikia ni laini kuliko mvule, basi usiukandamize mkono.

Narudia habari ya kuondoka, usinichoke. Usiku ule wa ukuta wetu unaujua, sina haja ya kuusimulia. Mama yako alikuwa ameniambia tangu Ijumaa kwamba ufa umepanuka, nami nilikuwa na mbao za mteja uani ambazo sikutaka zilowe. Mbao zile mpaka leo zipo, sijaweza kuzifanyia kazi. Kwa hiyo ukifika, kabla ya kufungua begi, uliza njia ya kutokea ni ipi na watu hukusanyikia wapi, kisha uniandikie majibu yake.

Bibi yako hajambo, ila goti linamsumbua na anataka umletee soksi za sufu. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu. Usitume fedha, zinunulie viatu vya baridi. Boriti mbili za chumba chako zimeliwa na mchwa, na fundi wa chokaa atakuja Jumatatu tukishazibadilisha. Kitanda chako tumekihamishia upande wa mlango.

Baba yako