Shangazi, ile sauti sikuisambaza

Shikamoo Shangazi. Tumsifu Yesu Kristo.

Ile sauti uliyonirushia WhatsApp Jumapili usiku nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa naparua samaki, nikadhani masikio yananidanganya. Mara ya pili nikanawa mikono, nikakaa. Kumbe nilisikia sawasawa, mhubiri anasema: Mkristo anayempigia kura asiye Mkristo ameuza urithi wake kama Esau. Ukaniagiza niipeleke kwenye jumuiya yetu. Sikuipeleka. Najua hukuitunga wewe, na hapa Bagamoyo imeshazunguka simu nyingi, ndiyo maana nakujibu hadharani. Jina lako silitaji. Utajijua.

Nianze na mzee wetu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja mwaka 1868, Padri Horner akiwaongoza, pwani hii ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Bila ridhaa ya watawala Waislamu wasingesimamisha hata kibanda. Wakajenga, wakapanda miembe, wakawa wanawakomboa watoto kwa fedha kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Mmoja wa watoto hao ndiye babu yake babu, ambaye hakujua hata jina la kijiji alikotekwa. Kwenye sherehe zetu tunalisimulia hilo kila mara, na likifika neno "huru" wewe ndiwe wa kwanza kupiga kigelegele.

Sasa niambie, nani alimuuliza kama anataka kubatizwa? Alikuwa mtoto. Alilishwa, akafundishwa useremala na katekisimu, akaozwa, akapewa shamba. Sisemi alidhulumiwa, bila wale mapadri pengine tusingekuwapo mimi na wewe tukabishana. Nasema minyororo aliyofunguliwa ni ile ya mikononi. Ile ya kuchagua mwenyewe amwabudu Mungu kwa njia ipi, ilichukua vizazi kuizungumzia, na hata leo ukoo wetu hauizungumzii vizuri. Unakumbuka kikao cha mwaka ule binti yetu alipoolewa akasilimu? Kina mama walilia kama msiba. Binti mwenyewe alikuwa jikoni anapika pilau, mzima kabisa.

Turudi mjini. Sheikh Ramiya naye aliletwa hapa akiwa mtoto, mtumwa kutoka upande wa Manyema. Akakulia katika Uislamu, akasoma, akawa sheikh mkubwa wa Kadiria, tarika ya masufi, hadi akafanywa liwali, yaani mtawala, wa mji huu. Mwanawe, Sheikh Mohamed Ramiya, akaja kuwa mmoja wa waliosimamisha TANU hapa Bagamoyo. Huwa nawaza: watoto wawili wa bara, wote wametembezwa juani hadi baharini. Mmoja akaingizwa mlango huu, mwingine ule. Wana wa yule sheikh wakampokea Mkatoliki mmoja kutoka Butiama, mtu wa misa kila alipoipata, wakamwita kiongozi wao. Hakuna aliyewatumia sauti ya kuwaambia wameuza urithi. Au labda walikuwapo waliosema, ila hawakusikilizwa.

Katiba yetu inasema nchi hii haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuamini na hata wa kubadili imani, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 inakataza kusajili chama cha siasa kinachopigania maslahi ya dini fulani. Mhubiri wako anazisoma ibara hizi kama uzio wa kutukinga sisi na wao. Uzio hauchagui upande, Shangazi.

Hapa nitakuudhi kidogo. Suala la Mahakama ya Kadhi lilipofika bungeni mwaka 2015, wewe uliniambia serikali isiingize mkono kwenye dini, na mimi nikaitikia. Mswada ukaahirishwa, tukashukuru. Lakini mwaka 1992 makanisa yetu yalitia saini hati ya makubaliano na serikali hiyohiyo kuhusu hospitali na shule zetu, na sijasikia mtu akisimama kanisani kusema mkono huo utolewe. Najua hoja yetu: hospitali inamtibu kila mtu, Mwislamu na mpagani. Ni kweli, nami nimezaliwa katika mojawapo. Ila jirani yangu muuza kahawa hunitajia mwaka 1992 kila nikimtajia kadhi, na sijawahi kupata jibu lisilonifanya nijikune kichwa. Mkuki kwa nguruwe. Kuhusu kadhi bado sijafikia mwisho wa mawazo yangu. Nimeacha tu kujifanya nimefikia.

Usinielewe vibaya ukadhani nataka Kanisa lifunge mdomo. Agosti 2023 maaskofu wetu walipotoa tamko kuhusu mkataba wa bandari kati ya nchi yetu na Dubai, wako waliosema wanachanganya dini na siasa. Mimi nilisimama nao. Askofu ni raia, na bandari ni ya wote. Kilichonikera ni huku chini, barazani na kwenye simu: hoja ya vifungu vya mkataba ikageuka siku mbili tu kuwa maneno ya "Waarabu", humu humu Bagamoyo ambamo nusu ya majirani zangu wana babu wa Kiarabu. Kuuliza kilichoandikwa kwenye mkataba ni kazi ya raia. Kuuliza mwenye mkataba anaswali wapi, hiyo kazi nani alitupa?

Mhubiri alimtaja Paulo mara nne. Basi twende kwa Paulo. Katika mji wa Filipi alichapwa viboko na kutiwa gerezani bila kuhukumiwa. Asubuhi walipotaka kumtoa kimyakimya alikataa: sisi ni Warumi, waje wenyewe watutoe. Hakudai liwali Mkristo. Alidai sheria ya wapagani ifuatwe kama ilivyoandikwa, tena akawafanya wakubwa waje na kubembeleza. Nikipiga kura namtafuta wa namna hiyo, ambaye hata nikiwa simpendi ataifuata sheria.

Mwenyekiti wetu wa mtaa ni Mwislamu, na nilimpigia kura. Mwaka juzi mkesha wetu wa Pasaka ulikuwa na spika nne, na nyumba ya pili kulikuwa na matanga. Sisi ndio tuliokosa, hatukuuliza mtu. Vijana wa msibani walitaka kuja kuzikata nyaya. Alikuja yeye, kanzu yake na kobazi, akasimama mlangoni hadi aleluya ilipoisha, kisha akaniomba kwa sauti ndogo tupunguze. Tukazima mbili.

Amegombea tena. Anakusalimu, anasema bado anadai zile kashata ulizomwahidi ulipokuja kwenye kipaimara cha mdogo wangu. Ukishuka kutoka Morogoro mwezi ujao pitia kwake kwanza, nyumba yangu utaifikia tu.

Mwanao,
wa Bagamoyo