Barua ya wazi kwa Waziri wa Utumishi wa Umma: Daftari za watunzi wetu zinafungiwa karanga

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa kwaya na piano hapa Kampala. Nakuandikia wewe kuhusu daftari za nyimbo za watunzi wetu, kwa sababu Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Wandegeya iko chini ya wizara yako.

Mwalimu aliyenifundisha piano alipofariki, nilifika nyumbani kwake siku mbili baada ya matanga. Chumba kilikuwa kimeshafagiliwa. Daftari zake, nyimbo za miaka mingi zilizoandikwa kwa penseli na kwa sol-fa, yaani herufi za do, re, mi, zilikuwa zimepewa mama muuza karanga wa njia panda. Siwalaumu wafiwa, maana hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba zile ni mali. Nilikomboa kurasa 11. Kwenye mmoja ameandika namba za vidole juu ya noti, akazifuta, akaandika nyingine, akazifuta tena, na pembeni akajikumbusha: "Hapa besi wavute pumzi." Ukurasa huo umenifundisha kutunga kuliko kitabu chochote cha nyimbo kilichopigwa chapa.

Wimbo wa taifa tunaousimamia wima ulitungwa na George Wilberforce Kakoma mwaka 1962. Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio, yaani utungo mrefu wa kidini wa kuimbwa, ya Mashahidi wa Uganda, na mwaka 1964 mashahidi hao wakatangazwa watakatifu kule Roma. Mwanafunzi wangu akitaka kuona mistari waliyoikata na barua walizoandikiana na waimbaji, nimwelekeze mlango gani?

Kwa upande wa sauti tumebahatika. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi hii akirekodi ngoma na nyimbo kuanzia mwaka 1949. Rekodi zake zilitunzwa London, na nakala zimerudi Makerere. Lakini karatasi hazina nakala London. Zipo chini ya vitanda, zinangoja mchwa. Wenzetu wa Basel, Uswisi, wana taasisi iliyonunua nyaraka za mtunzi wa muziki Stravinsky mwaka 1983, na watafiti wanapanda ndege kwenda kuzisoma.

Sikuombi jengo jipya. Naomba afisa mmoja anayejua kusoma sol-fa na noti za mistari, atakayezifikia familia kabla ya msiba na si baada yake. Naomba maboksi yasiyo na asidi inayoharibu karatasi, na chumba kisicho na unyevu. Naomba pia mkataba wa maandishi unaosema wazi kwamba hakimiliki inabaki kwa familia, maana wengi wanaficha karatasi kwa kuogopa kudhulumiwa nyimbo, na hofu hiyo naielewa kabisa. Anayekataa kuachia daftari, lipigwe picha hapo hapo nyumbani kwake, kisha arudishiwe mkononi.

Wazee waliotunga nyimbo za makanisa na shule zetu miaka ya sitini wanaondoka mmoja mmoja.

Kurasa zangu 11 zimo ndani ya bahasha ya kaki. Nitazileta Wandegeya mwenyewe, siku nitakayoambiwa ni dawati lipi la kuzipokea.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa kwaya, Kampala