Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Ligi ya Besiboli ya Vijana: gawanyeni madaraja kwa kufuata vipimo vya uwanja

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Yah: Pendekezo la madaraja matatu: miaka 7–9, 10–12 na 13–15

Sisi makocha na waamuzi wa ligi hii tumelisoma pendekezo la kamati. Tunaelewa kwamba madaraja machache hurahisisha ratiba. Hata hivyo, daraja lenye upana wa miaka mitatu litamweka mtoto aliyetimiza miaka 10 juzi mbele ya mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) anayekaribia 13. Kusogeza tarehe ya kuhesabia umri hakutaponya hilo. Kutabadilisha tu watoto wa kuumia. Tarehe ya Agosti 31, inayotumiwa na Little League, shirika la kimataifa la besiboli ya watoto, inatosha. Kinachotakiwa kupungua ni upana wa daraja.

Tatizo kubwa liko kwenye miaka 13, mtoto anapohama kutoka uwanja mdogo kwenda uwanja kamili. Katika uwanja mdogo, mrushaji husimama mita 14.02 kutoka kwa mpigaji, na umbali kati ya besi (vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka) ni mita 18.29. Katika uwanja kamili vipimo ni mita 18.44 na 27.43. Mdakaji, anayekaa nyuma ya mpigaji, aliyezoea kutupa mita 25.9 kufika besi ya pili atatakiwa kutupa 38.8, nusu nzima zaidi, baada ya likizo moja tu. Hapo ndipo mipira inadunda njiani, besi zinaibwa ovyo (wakimbiaji wanasonga besi inayofuata bila mpira kupigwa), na mrushaji anaanza kutumia bega kwa nguvu kwa sababu mtupo wake haufiki. Wengi huacha mchezo hapo, na hatuwalaumu.

Uwanja wa kati upo tayari katika kanuni za Little League: mrushaji mita 15.24, besi mita 21.34. Kwa hiyo tunaomba madaraja ya miaka miwili miwili: 6–7 wapige mpira uliowekwa juu ya kigingi, 8–9 na 10–11 wacheze uwanja mdogo, 12–13 uwanja wa kati, 14–15 uwanja kamili. Kwa 8–9, kocha arushe katika nusu ya kwanza ya mchezo, la sivyo watoto watasimama wakitazama mipira ikipita nje ya pleti, kibao anaposimama mpigaji.

Gharama si kubwa kama inavyohofiwa. Uwanja mmoja wenye udongo hadi mita 27.43 unaweza kuchukua soketi za besi kwa vipimo vyote vitatu, zile zisizotumika zikafunikwa vizibo. Tuta la kurushia liwe la kuhamishika. Chaki ichorwe upya kila daraja linapobadilika. Mistari miwili ikiachwa pamoja, waamuzi watabishana na wazazi hadi jioni.

Hesabu ya mitupo ya mrushaji ifuate umri wa mtoto, si daraja lake. Kanuni za Little League zinaruhusu mitupo 75 kwa siku kwa miaka 9–10, 85 kwa 11–12, na 95 kwa 13–16. Mtoto wa 12 akicheza na wa 13, kikomo chake kinabaki 85. Kwa walio na miaka 14 au chini, mitupo 66 na zaidi inadai siku nne za mapumziko. Kitabu cha hesabu kiwe kimoja kwa ligi nzima, maana mtoto anayechezea timu mbili ndiye hupotea katikati ya madaftari mawili.

Kamati itauliza: watoto wakiwa wachache je? Timu isajili 11 au 12. Ikiwa na 9 tu, idadi ile ile inayotakiwa uwanjani, homa ya mmoja inaua mchezo. Daraja lisipofikisha timu nne, tafuteni ligi jirani mcheze ratiba ya pamoja, au unganisheni mazoezi. Mechi zisiunganishwe.

Mabadiliko yaanze na madaraja ya chini msimu ujao. Walio na miaka 12 sasa wapelekwe moja kwa moja uwanja wa kati wakifika 13. Jedwali la tarehe za kuzaliwa na daraja la kila mtoto litolewe kabla ya usajili kufunguliwa, pamoja na jina la mjumbe atakayepokea maombi ya kupanda daraja. Maombi hayo yaamuliwe kwa jaribio la uwanjani, mbele ya makocha wawili wasio wa timu inayomtaka mtoto.

Tunaomba pendekezo la kamati lisipigiwe kura kabla vipimo hivi havijajadiliwa.

Wako katika michezo,
Makocha na waamuzi wa ligi