Zamu ya usiku isiachiwe aliyechoka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na waandaaji wa makongamano ya siku tatu au nne ya wapenzi wa katuni, michezo ya mezani na mavazi ya kuigiza wahusika wa katuni. Kwa miaka kadhaa nimeratibu walinzi wa kujitolea katika shughuli hizi, hasa usiku, na kuna jambo linaloniumiza kila msimu. Fedha na fikra zote za ulinzi humalizikia mlangoni asubuhi ya siku ya kwanza. Mabaunsa wanapangwa, mikoba inapekuliwa, kila mtu anaridhika. Ukija usiku wa pili, ukumbi uliojaa bidhaa za wauzaji unalindwa na kijana aliyeamka alfajiri, akashinda wima akielekeza foleni, na sasa anaombwa "ashikilie kidogo" hadi kupambazuke.

Shughuli ya siku moja mnaweza kuimaliza kwa moyo wa kujitolea tu. Ya siku nne inataka ratiba, na ratiba hiyo ianze na usingizi. Walinzi wa usiku wawe wa usiku peke yao, walale mchana mahali tulivu, wapate chakula cha moto katikati ya zamu. Asikae mtu peke yake kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu saa hizo macho huwa wazi na akili imelala.

Wanaosema usiku hakuna kitu wakumbuke Rosemont, jimbo la Illinois, Marekani, Desemba 2014. Midwest FurFest, kongamano la wapenzi wa wahusika wa wanyama wenye tabia za kibinadamu, lilikuwa likielekea siku yake ya mwisho. Saa sita usiku na ushei, gesi ya klorini ikasambaa hotelini kutoka kwenye ngazi. Maelfu ya watu walitolewa nje kwenye baridi, wengine wakiwa bado ndani ya mavazi yao mazito ya manyoya, na watu 19 wakapelekwa hospitali. Saa kama hiyo ndiyo unayotaka mtu aliyelala vizuri, anayejua kila mlango wa dharura unatokea wapi na nani ana redio ya upepo.

Jambo la pili ni kukabidhiana zamu, na hapa ndipo ninapowasihi zaidi. Katika kongamano moja tulimtoa mtu jioni kwa kumfuatafuata binti aliyevaa vazi la mhusika na kumshika bila ridhaa yake. Kesho yake asubuhi akapita langoni akisalimia, beji ile ile kifuani, kwa kuwa waandaaji walitukataza kumnyang'anya beji, na zamu ya asubuhi iliambiwa kwa mdomo tu kwamba "usiku kulikuwa na vurugu kidogo". Binti alimwona kabla yetu. Tangu hapo sikubali kufanya kazi pasipo daftari la matukio lenye saa, mahali, namba ya beji na uamuzi uliotolewa. Anayetoka na anayeingia walisome pamoja, wote wawili watie sahihi, na beji ya aliyefukuzwa ibaki mezani kwetu.

Silaha bandia wanazobeba waliovaa kama wahusika nazo zina kishindo chake. Mei 2017 huko Phoenix, Arizona, mtu alikamatwa ndani ya kongamano la wapenzi wa katuni akiwa na bunduki na bastola halisi. Waandaaji wakapiga marufuku silaha zote za maigizo. Nawaelewa, ila mimi napendelea meza ya ukaguzi yenye watu wanaoujua mchezo wenyewe: wanaotofautisha upanga wa povu na wa chuma kwa kuunyanyua tu, wanaofunga utepe wa rangi kwenye kila kilichokaguliwa. Watu hao hao wanajua pia kwamba aliyevaa kinyago kizima haoni pembeni na anaweza kuzimia kwa joto. Baunsa wa kukodi hafundishwi hayo, wala simlaumu.

Halafu saa ya kufungasha. Siku ya mwisho jioni kila mtu amebeba boksi, milango ya nyuma imeachwa wazi, walinzi wanaagana na kupiga picha. Mwizi anachohitaji ni boksi tu mkononi. Wekeni kikosi ambacho hakikufanya kazi asubuhi hiyo, na kila muuzaji atoke kwa namba ya meza yake.

Kabla ya kufungua mauzo ya tiketi, muulizeni mkuu wenu wa ulinzi awaonyeshe kwa maandishi nani atakuwa zamu saa kumi alfajiri ya siku ya tatu, na mtu huyo atakuwa amelala saa ngapi. Kama hana karatasi hiyo, tiketi zisubiri.

Mratibu wa walinzi wa kujitolea