Cheti cha daktari tunakiona ukutani, rekodi yake polisi nani anaikagua?

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi niseme kuhusu watu tunaowakabidhi miili yetu na watoto wetu, madaktari, manesi na hasa hawa wa meno wa kliniki binafsi, maana huku kusini hela za korosho zikitoka tu watu wanakumbuka jino lililowanyima usingizi tangu masika.

Juzi nilimpeleka mtoto wa dada yangu kung'olewa jino, nikaambiwa nikae kwenye benchi nje, mlango ukafungwa. Pale dirisha la malipo kuna fremu mbili, leseni ya kituo na cheti cha chuo, picha imefifia hadi sura haisomeki. Nikamuuliza dada wa mapokezi kwa upole tu, huyu anayeng'oa kabla ya hapa alikuwa wapi, akasema katokea mkoa mwingine na vyeti vyake viko safi. Polisi mliuliza? Akanishangaa kabisa, na wala simlaumu.

2017 serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma, wakakutwa 9,932 wenye vyeti feki na wakaondolewa. Kazi nzuri, ila ilijibu swali moja tu, kasoma au hajasoma, haikugusa kama mtu aliwahi kufungwa kwa kubaka, kulawiti au kuiba dawa wodini. Mtu anaweza kuwa na cheti halali kabisa na bado hafai kuachwa peke yake na mgonjwa aliyepigwa ganzi.

Na haya sio mambo ya kufikirika. Yule daktari Harold Shipman wa Uingereza alitiwa hatiani 1976 kwa kughushi karatasi za dawa apate pethidini, dawa kali ya maumivu inayolevya, ya kutumia mwenyewe, akapigwa faini, akarudi kutibu, mwaka 2000 akatiwa hatiani kwa kuua wagonjwa 15. Lakini anayenitisha zaidi ni daktari Michael Swango wa Marekani, huyu 1985 alifungwa kwa kuwawekea sumu wafanyakazi wenzake, akatoka, akaghushi karatasi kuhusu kesi yake, akapata kazi hospitali nyingine, alipobainika huko akaja Afrika, 1994 yuko hospitali ya misheni ya Mnene kule Zimbabwe anatibu watu wa vijijini, wagonjwa wakaanza kufa vifo visivyoeleweka mpaka akasimamishwa. Mwaka 2000 akakiri kuua wagonjwa kwao Marekani, yuko jela maisha.

Angalieni alikokimbilia jamani. Kijijini, ambako daktari ni wa kutafuta na akipatikana watu wanashukuru hawaulizi kitu. Ndio Liwale hiyo, ndio Nanyumbu hiyo. Kwa hiyo wanaosema wahudumu ni wachache tusiwabane watakimbia, mimi nawajibu uchache huo huo ndio unamvuta anayejificha, penye uhaba ndio pa kukagua zaidi.

Mbona hati ya tabia njema ipo, polisi wanachukua alama za vidole wanaangalia rekodi, na vijana wanaotafuta kazi nje ya nchi wanaifuatilia kila siku. Anayekwenda nje akaguliwe, anayekuja kumshika mtoto wangu hapa Lindi na Mtwara asikaguliwe? Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga waidai hiyo hati kila mtu anapohuisha leseni, sio siku ya kusajiliwa tu, kwa sababu mtu anaweza kuharibikia kazini, na gharama alipe mwajiri sio nesi wa mshahara mdogo.

Ila haki itendeke. Aliyepigana kwenye ngoma akiwa kijana asinyimwe riziki kwa hilo, na aliyeshtakiwa tu bila kutiwa hatiani asihukumiwe na sisi. Nazungumzia ubakaji, ulawiti, wizi wa dawa, kughushi, kudhuru mwili.

Waganga wakuu wa mikoa yetu miwili wasisubiri sheria mpya, wakienda ukaguzi kwenye kliniki binafsi waombe faili la kila mhudumu, na lisilo na hati ya polisi mwenye kliniki apewe muda wa kuileta.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara