Shukrani kwa kijana wa bodaboda, Kondele, Kisumu

Ndugu yangu uliyenisaidia jioni ile Kondele, hata jina sikukuuliza. Yule mbwa mweusi alikuwa akifundishwa kuongoza wasioona, akaachishwa mafunzo kwa kuogopa kelele, ndipo nikamchukua. Na mimi, kwa akili zangu, nikampitisha Kondele! Matatu ilipopiga honi alichomoka, kamba ikanichubua kiganja. Watu wakapiga mayowe, "Mbwa kichaa!", wengine wakiokota mawe. Wewe ulizima pikipiki, ukachuchumaa kando ya kibanda cha mama muuza omena, ukamngoja aje mwenyewe. Akaja, mkia katikati ya miguu. Nilipotoa mia mbili ukasema nimnunulie matumbo. Nilimnunulia. Honi bado anaziogopa. Erokamano, ndugu. Ukipita Migosi, chai ipo.