Dada, usiseme nimebahatika

Dada shikamoo,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, mara ya mwisho sio kwa ajili ya maneno, nilikuwa nasikiliza ule mlango wa jikoni unavyolia nyuma yako. Bado hamjautia mafuta tu? Hela ya mama nimeshatuma. Ya mjomba isubiri mwezi ujao, mishahara ya watu wangu inatangulia na hilo tusibishane.

Sasa ile tenda ya usafi. Jengo zima la maofisi dada, mkataba wa miaka miwili, nimesaini mwenyewe! Nina wafanyakazi tisa sasa hivi, na nilianza na ndoo yangu na deki.

We ukanijibu "umebahatika mdogo wangu". Najua hukuwa na nia mbaya ila limenikaa wiki nzima, kwa sababu hata mimi ndo ninavyojiambia. Tangu nisaini nasubiri mtu aje aulize huyu alipewaje kazi hii. Usiku narudi kukagua vyumba ambavyo msimamizi ameshakagua, imeili ya mistari mitatu inanichukua saa nzima. Kuna mteja aliniuliza mwenye kampuni yuko wapi nikamwambia hayupo, na nilikuwa nimesimama mbele yake. Hili sijamwambia mtu, nakwambia wewe.

Nikaanza kutafuta kusoma. Kumbe wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliliandika hili tangu 1978, baada ya kukaa na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa sana lakini moyoni wanajiona feki. Clance baadaye akaeleza linavyozunguka: unapata kazi mpya, unaingiwa na wasiwasi, unajiandaa kupita kiasi au unaiahirisha halafu unakimbizana nayo, inaenda vizuri, kisha unasema ni bahati au ni kwa vile nilijitesa, kwa hiyo inayofuata unaianza na woga uleule. Ndo mimi kabisa.

Kilichoniuma zaidi ni walichosema kuhusu nyumbani. Baadhi ya wale wanawake walikulia kwenye familia ambayo mwenye akili ni ndugu mwingine, yeye anasifiwa kwa mambo mengine, na hata akileta maksi nzuri nyumbani hawashtuki. Dada, niliweka simu chini. Mwenye akili ulikuwa wewe, mimi nilikuwa "mchangamfu". Mwaka ule nilioongoza darasa unakumbuka mjomba aliuliza nini? Kama mtihani ulikuwa rahisi. Nilikuwa mtoto lakini mpaka leo nalisikia lile swali kila nikipata kitu. Sikulaumu wewe, na wewe ulikuwa mtoto.

Siku hizi nina daftari. Kila kazi ninayoipata naandika nilichofanya mpaka ikapatikana, sio ninavyojisikia. Ya hii tenda imejaa kurasa mbili: nilipima sakafu zote, nikahesabu masaa na dawa, bei niliipiga mara nne, na kabla ya hapo nilikuwa nimenyimwa tenda mbili nikaenda kuuliza nilikosea wapi. Wasiwasi ukija usiku nalisoma. Hauishi, ila napata usingizi. Halafu kuna yule mteja wa kwanza niliyekuwa namchaji kidogo miaka mitatu kwa kuogopa ataondoka, mwezi uliopita nimempandishia bei. Alisema sawa tu. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea siku mbili nzima!

Kwa hiyo mjomba akija kuulizia hela yake mwambie, tena mama akiwepo, kwamba hesabu za tenda nilipiga mwenyewe. Sitaki sifa nyingine, hilo tu.

Jumapili jioni ndo kubaya huku, nyumba inakuwa kimya mno na nyie najua mmejaa hapo barazani mnacheka. Nipigie siku hiyo hata dakika tano.

Picha nitatuma kesho, nimesimama mlangoni pa lile jengo na kitambulisho kifuani. Mama akiuliza huyo hapo ni nani kwenye hiyo kampuni, mwambie ndo mwenyewe.

Mdogo wako